Mashine ya kunyonya kwanza, kamera baadaye: vifaa vya kumlaza usingizi mgonjwa mwenye chakula tumboni

Kama idara yenu imepata fungu la kununua kifaa kimoja tu kwa ajili ya wagonjwa wa dharura wanaoletwa na chakula tumboni, nunueni mashine yenye nguvu ya kunyonya matapishi kooni, pamoja na ncha pana ya kuitumia nayo. Kamera ya kutazamia koo isubiri. Najua kamera ndiyo inayovutia macho kwenye meza ya maonyesho, nami naipenda na nitaisifu huko chini. Lakini kazi yangu ni usingizi wa dharura, nyingi yake usiku, na kila nikiukumbuka usiku mgumu nakumbuka koo lililojaa matapishi. Koo la namna hiyo halionekani hata uwe na kioo kizuri namna gani.

Vyote nitakavyovitaja nimevishika kwa mikono yangu, na hakuna muuzaji aliyenituma. Vingine nitavipitia haraka kwa sababu havina mjadala. Vingine nitakaa navyo, maana ndiko wenzangu wanakobishana.

Kwanza kazi yenyewe, ili asiyefanya kazi ya upasuaji naye afuate. Mtu aliye macho akicheua, anameza, anakohoa, anageuza kichwa. Dawa ya nusu kaputi inayaondoa yote hayo kwa pamoja, tena inalegeza msuli unaofunga tumbo kwa juu. Kilichomo tumboni kinapanda kimyakimya, kinafika koromeoni, na kwa kuwa kikohozi hakipo, kinateremkia mapafuni. Mwaka 1946 Curtis Mendelson, daktari wa uzazi wa New York, aliandika juu ya wajawazito 44,016 wa hospitali moja. 66 kati yao walivuta mapafuni vitu vilivyotoka tumboni, na wawili walikufa kwa kuzibwa na chakula kigumu. Alionyesha pia kwa sungura kwamba asidi ya tumbo, hata bila punje ya chakula, inatosha kuyaunguza mapafu. Ndiyo sababu anayepangiwa upasuaji huambiwa akae saa 6 bila chakula na saa 2 bila maji.

Saa hizo hazimwokoi mgonjwa wa dharura. Mtu akiumia, tumbo husimama. Maumivu, hofu, dawa za jamii ya mofini, uchungu wa kuzaa, utumbo ulioziba, vyote vinalizuia tumbo lisimwage. Aliyekula muda mfupi kabla ya ajali anaweza kuwa na chakula kilekile saa 8 baadaye. Siku hizi wapo pia wanaotumia sindano za kupunguza uzito kama semaglutide: wamefunga kula vizuri kabisa kama walivyoagizwa, na bado tumbo lina kitu. Mimi humhesabu kila mgonjwa wa dharura kuwa ana tumbo lililojaa. Palipo na ultrasaundi na mkono uliofundishwa, naliangalia tumbo. Jibu likiwa la mashaka, nashika njia ya tahadhari.

Njia yenyewe ina umri. Madaktari wa usingizi Stept na Safar waliipanga kwenye maandishi mwaka 1970: mpe mgonjwa oksijeni ya kutosha, mpe dawa ya usingizi na ya kulegeza misuli moja baada ya nyingine bila kungoja, weka mrija kwenye njia ya hewa, jaza puto lake ili matapishi yasipite pembeni. Kati ya macho kufumba na puto kujaa, mgonjwa hana ulinzi wowote isipokuwa sisi. Kila kifaa hapa nakipima kwa jambo hilo moja: kinafanya nini ndani ya muda huo mfupi?

Sasa nirudi kwenye kunyonya. Ncha iliyoko karibu kila chumba cha upasuaji ni ya Yankauer, iliyobuniwa mwanzoni mwa karne iliyopita na Sidney Yankauer, daktari wa koo wa New York. Ilikusudiwa damu, na kwa damu na mate bado ni nzuri sana: nyepesi, imepinda vizuri, haichubui. Iletee chakula kilichotafunwa nusu, itaziba. Na zile zenye kitundu cha kidole gumba zina hatari ya pekee. Msaidizi mpya asiyejua akikupa bila kukuambia, unaizamisha kwenye matapishi, mashine inanguruma, na hakuna kinachopanda kwa sababu hewa yote inaingilia kwenye kitundu. Wanaonisaidia nawafundisha jambo hilo kabla ya lingine lolote.

Ncha pana ni kitu kingine kabisa. Inayojulikana zaidi ina jina la James DuCanto, daktari wa usingizi wa Marekani aliyeibuni na kuieneza pamoja na namna ya kuitumia. Tundu lake limepanuliwa kwa milimita chache tu, lakini katika bomba upana huzaa mara nyingi: maji yakipita kwa utulivu, ukiongeza kipenyo mara mbili yanapita mara 16 zaidi. Matapishi hayapiti kwa utulivu, hivyo hesabu halisi ni ndogo kuliko hiyo, ila tofauti unaiona kwa macho. Mara ya kwanza kuitumia ilikuwa kwa mgonjwa mwenye utumbo ulioziba, majimaji ya kijani yakipanda kwa mkupuo, na chombo cha kukusanyia kikajaa hadi mstari wa juu kabla sijauliza kama kimeunganishwa sawasawa. Koo lilikuwa wazi. Niliona nyuzi za sauti, niliweka mrija, tukaendelea.

Namna ya kuitumia ndiyo inayoleta nusu ya faida. Usiingize laringoskopu, kile kifaa cha kutazamia koo, kwanza kisha ukaanza kutafuta ncha. Ncha itangulie: ishike kwa ngumi ya mkono wa kulia, iingie mdomoni ikisafisha, na laringoskopu ya mkono wa kushoto ifuate nyuma yake. Ukiona zoloto, yaani mlango wa njia ya hewa, na kimiminika bado kinapanda, telezesha ncha upande wa kushoto wa laringoskopu, ipumzishe kwenye mdomo wa umio, iachie hapo ikinyonya, kisha pitisha mrija upande wa kulia. Inaonekana kama mdomo hautavitosha vyote viwili. Vinatosha, ila mkono lazima uwe umezoea, na mazoezi yake ni ya sanamu inayomwagiwa uji mzito kutoka umioni. Sijui zoezi jingine la kazi yetu linalombadilisha mwanafunzi haraka hivyo.

Ina kasoro zake. Isiyo na kitundu inanata kwenye nyama laini ya koo, kwa hiyo usiikandamize, izungushe. Ni nene, na mdomo usiofunguka vizuri unaikataa. Na haina maana yoyote ikiwa bomba linaloifuata ni jembamba, au kiungio cha katikati kimebana. Nimeona ncha pana nzuri ikiungwa kwenye bomba la zamani lenye kiungio chembamba, watu wakalaumu ncha. Nguvu ya mfumo mzima ni nguvu ya mahali pake pembamba kuliko pote. Kabla ya kila mgonjwa nalikunja bomba kwa vidole na kutazama saa ya mashine: mshale uruke upite milimita 300 za zebaki, tena upesi. Ukipanda kwa uvivu, mashine hiyo sianzi nayo.

Na mashine ziwe mbili. Ncha ya kwanza iko chini ya mto, upande wa kulia wa kichwa, inanguruma tayari tangu barakoa inapowekwa. Ya pili iko kwa msaidizi. Pale umeme usipoaminika, naomba moja kati ya hizo iwe ya kukanyaga kwa mguu. Wengi huidharau kwa sababu haina taa wala kioo. Mimi nimeitegemea chumba kikiwa giza na haikuniangusha.

Niweke hapa na mpira wa puani unaofika tumboni, maana nao ni wa kunyonya. Mgonjwa mwenye utumbo ulioziba apewe huo kabla ya kulazwa na atolewe kinachotoka. Hautalimaliza tumbo, hasa kikiwa chakula kigumu, lakini unapunguza msukumo. Ukishakuwepo usiuchomoe, unyonye mara ya mwisho kisha uache mdomo wake wazi ili shinikizo lipate pa kutokea. Na kitanda: kabla sijagusa sindano, najaribu kama kinainama kichwa chini upesi. Kitanda cha mkono kilichokwama kutu nakihesabu kama kifaa kibovu, hata kama godoro lake ni jipya.

Oksijeni. Hapa vifaa ni vya kawaida na ndivyo vinavyonunua muda. Mapafu ya mtu mzima yaliyotulia yanabeba kama mililita 30 za hewa kwa kila kilo ya uzito, na mwili uliopumzika unatumia takriban mililita 250 za oksijeni kwa dakika. Jaza hifadhi hiyo oksijeni tupu mahali pa hewa ya kawaida, na mtu mwenye afya anakaa dakika kadhaa bila kupumua kabla rangi haijageuka. Mjamzito, mnene, mtoto mdogo, na mwenye homa kali ya maambukizi hawana dakika hizo. Barakoa inayobana vizuri usoni kwa dakika 3, au pumzi 8 za kina ndani ya dakika moja pale ambapo hakuna nafasi, kichwa kikiwa juu kwa nyuzi 20 hadi 25. Kama mashine inapima oksijeni anayotoa mgonjwa, nangoja ikaribie asilimia 90. Barakoa iliyovuja pembeni inaharibu yote, kwa hiyo barakoa zenye ukingo laini unaojazwa hewa nazipa alama ya juu, na zile ngumu zilizokakamaa kwa kuoshwa mara nyingi nashauri ziondolewe.

Kanula ya kawaida ya puani, ule mpira mwembamba wa oksijeni, napenda ikae chini ya barakoa tangu mwanzo. Barakoa ikitoka ili laringoskopu iingie, naifungua hadi lita 15 kwa dakika, na oksijeni inaendelea kuteremka yenyewe hata kifua kikiwa kimya, mradi njia iko wazi. Mashine za kupeleka oksijeni nyingi yenye joto na unyevu puani, hadi lita 60 au 70 kwa dakika, ni bora zaidi na mgonjwa anapumua kwa raha. Lakini zinakula oksijeni kwa pupa, na mahali panapotegemea mitungi sishauri zitangulie.

Je, katika ile dakika ya kungoja misuli ilegee, tumpulizie mgonjwa hewa kwa ambu, ule mfuko unaominywa kwa mkono? Tulifundishwa kwamba hilo limekatazwa kabisa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019 kwa wagonjwa mahututi 401 ulionyesha kwamba waliopuliziwa walishuka oksijeni vibaya asilimia 10.9, na wasiopuliziwa asilimia 22.8, na kuvuta matapishi hakukuongezeka. Waliodhaniwa kuwa na hatari kubwa zaidi ya kucheua hawakuingizwa humo, kwa hiyo siubebi kwenda nao kwa mwenye utumbo ulioziba. Lakini mgonjwa ambaye oksijeni yake imeanza kushuka nampulizia, kwa upole, shinikizo lisizidi sentimita 15 za maji. Kukosa oksijeni kunaua kwa hakika kuliko kucheua ambako huenda kusitokee.

Sasa kamera. Laringoskopu za video zilianza kuenea baada ya John Pacey, daktari wa upasuaji wa Kanada, kuileta GlideScope mwaka 2001, na leo zipo za aina nyingi. Faida si ya kubishaniwa tena. Katika utafiti wa mwaka 2023 kwenye idara za dharura na vyumba vya wagonjwa mahututi vya Marekani, watu wazima 1,417, mrija uliingia kwa jaribio la kwanza kwa asilimia 85.1 waliotumiwa video, na asilimia 70.8 waliotumiwa laringoskopu ya kawaida. Kwa tumbo lililojaa, jaribio la kwanza ni la thamani kubwa, maana kila jaribio linaloongezeka ni muda mwingine bila ulinzi. Napenda pia kwamba msaidizi anaona ninachokiona. Anayebonyeza shingo ili kubana umio anajua mwenyewe kama mkono wake unasaidia au unaziba.

Mnaonunua, tazameni umbo la ulimi wake, yaani ile bapa inayoingia mdomoni. Kuna ulimi uliopinda sana, unaoonyesha zoloto hata mahali ambapo jicho lisingefika, lakini unategemea picha peke yake. Na kuna wenye umbo lilelile la laringoskopu ya Macintosh lililotumika tangu 1943, isipokuwa una kamera. Kwa mgonjwa mwenye chakula tumboni nachagua wa pili bila kusita. Tone moja la damu au matapishi likipiga kioo, picha inakuwa ukungu. Wenye umbo la Macintosh unainamisha kichwa na kutazama kwa jicho lako moja kwa moja mdomoni, kazi inaendelea. Wenye kupinda sana ukichafuka, huna pa kutazama. Huo nauweka kando kwa shingo isiyokunjuka na taya lisilofunguka, ambako haufananishwi. Mambo mengine ya kuuliza kabla ya kusaini: betri ikiisha katikati kuna ya akiba? Kioo kinapasha joto ili kisipate mvuke? Ulimi ni wa kutumia mara moja, na je, utaendelea kupatikana? Mpini mzuri uliokosa ulimi wa kuvalisha haumfai mgonjwa.

Buji ni ile fimbo ndefu laini, kama sentimita 60 au 70, yenye ncha iliyopinda kidogo. Robert Macintosh, yule mwenye ulimi niliotaja, aliisifu tangu 1949. Unaipitisha kwanza kati ya nyuzi za sauti, unahisi ncha ikigonga pete za koo la hewa kama kidole kinachopita juu ya meno ya kitana, kisha mrija unateleza juu yake. Kwenye idara moja ya dharura huko Marekani, ambako walikuwa wameizoea, utafiti wa 2018 ulipata jaribio la kwanza likifaulu kwa asilimia 98 kwa buji na 87 kwa waya wa ndani ya mrija. Mwaka 2021 jaribio kubwa lililohusisha vituo vingi halikuona faida: asilimia 80.4 kwa 83.0. Mimi nazisoma tafiti hizo mbili pamoja. Buji ni ya mkono uliozoea, kwa hiyo ninaitumia hata kwa wagonjwa wepesi ili mkono usisahau. Katika koo lenye majimaji, ambako naona kipande tu cha mlango, nyembamba inaingia mahali ambapo mrija ungeficha kila kitu. Nunueni zenye ugumu wa wastani. Laini kupita kiasi zinajikunja, na ngumu mno zinatoboa.

Dawa nazo nazitathmini kama vifaa, kwa sababu ndivyo zinavyonunuliwa.

Suksamethoniamu ndiyo dawa ya zamani ya kulegeza misuli. Miligramu 1 hadi 1.5 kwa kilo, misuli inatetemeka, ndani ya dakika moja imelegea, na baada ya dakika 5 hadi 10 inaanza kurudi yenyewe. Kwa kasi, sina la kuilalamikia. Lakini inapandisha potasiamu kwa takriban milimoli 0.5 kwa lita kwa mtu yeyote, na kwa aliyeungua siku chache zilizopita, aliyepooza kwa muda, au aliyelala kitandani wiki nyingi, inaweza kuipandisha hadi moyo ukasimama. Kwa wachache waliorithi udhaifu huo inaamsha homa kali inayoua. Tena inataka friji. Na ile imani kwamba mgonjwa ataanza kupumua mwenyewe kabla hajadhurika ikiwa mrija umeshindikana, mimi siijengei mpango. Kwa mgonjwa mahututi oksijeni huisha kabla dawa haijaisha.

Rokuroniamu kwa miligramu 1.2 kwa kilo inaikaribia kasi hiyo, na ndiyo chaguo langu la kawaida sasa. Haichezi na potasiamu. Inadumu zaidi ya dakika 45, mara nyingi zaidi, na hilo nalichukulia kuwa faida: mgonjwa hashtuki na kuanza kutapika katikati ya jaribio la pili. Kasoro yake iko kwa wanaoipunguza. Ukitoa 0.6, umepata dawa nyingine ya polepole, na utaingiza laringoskopu kwenye koo ambalo bado linakataa. Atakayepewa rokuroniamu lazima pia apewe usingizi wa kutosha baadaye. Dawa za usingizi kama ketamini na propofoli zinakwisha mapema, na mwenye misuli iliyolegea hawezi kukwambia kuwa ameamka. Napanga dawa ya kuendeleza usingizi kwenye trei kabla ya kuanza, tayari imevutwa na kuandikwa jina.

Sugamadeksi, inayoifunga rokuroniamu kwenye damu, iliidhinishwa Ulaya mwaka 2008 na Marekani mwishoni mwa 2015. Kwa kuifuta dozi kubwa papo hapo inahitajika miligramu 16 kwa kilo. Ni dawa nzuri sana mwisho wa upasuaji. Kama njia ya kutorokea pale mrija unaposhindikana, siipi alama kubwa: chupa nyingi za kuvuta wakati mikono yote ina kazi, na hata misuli ikirudi, koo lililovimba halifunguki kwa dawa. Kwa tukio hilo nataka kisu, buji na mrija mdogo wa kutoboa shingo viwe mezani, vinaonekana.

Kuhusu dawa ya usingizi yenyewe sitakaa sana. Kwa aliyepoteza damu natumia ketamini, na dozi naipunguza, kwa sababu mwili uliochoka hauna cha kuongeza. Propofoli kwa dozi ya mtu mzima mwenye afya inaweza kumwangusha mgonjwa wa aina hiyo kabla mrija haujaingia. Dawa ya kupandisha presha iwe imeshavutwa.

Kitendo cha kubonyeza shingo hakinunuliwi, ila watu hukipigania kama chapa ya bidhaa. Brian Sellick, daktari wa usingizi, alikieleza huko London mwaka 1961, kwa wagonjwa 26: bonyeza gegedu la krikoidi, ile pete iliyo chini ya zoloto, lielekee nyuma, umio ubanwe. Watatu kati yao walicheua mara tu kidole kilipoachiliwa, mrija ukiwa umeshakaa. Nguvu inayopendekezwa ni nyutoni 10 mgonjwa akiwa macho, na 30 akishalala, ambayo ni kama uzito wa kilo 3. Utafiti mkubwa wa Ufaransa wa watu 3,472 ulilinganisha kubonyeza kwa kweli na kubonyeza kwa kuigiza. Waliovuta mapafuni walikuwa asilimia 0.6 na 0.5, na koo za waliobonyezwa kweli zilionekana kwa shida zaidi. Haukutosha kuthibitisha rasmi kwamba kuacha ni sawa na kufanya. Msimamo wangu: nikiwa na mtu aliyefundishwa, abonyeze. Nikisema achia, aachie papo hapo bila kuuliza. Mgonjwa akianza kutapika kwa nguvu mwenyewe, mkono utoke, kwa kuwa umio unaweza kupasuka. Na kama msaidizi niliye naye ni mmoja tu, namtaka kwenye kunyonya.

Kapnografu, ile inayochora wimbi la kaboni dioksidi anayotoa mgonjwa, isiingizwe kwenye mashindano na vifaa vingine. Bila hiyo mnalaza watu mkikisia. Ripoti kubwa ya Uingereza ya mwaka 2011 juu ya maafa ya njia ya hewa iliweka kuvuta matapishi kuwa chanzo kikuu cha vifo katika usingizi wa upasuaji, na ikalaumu kukosekana kwa kapnografu hasa kwenye vyumba vya wagonjwa mahututi. Kwa tumbo lililojaa kuna sababu ya ziada: mrija ukiingia umioni, kila pumzi unayopuliza inalijaza tumbo lililokuwa limejaa tayari. Ukungu ndani ya mrija hudanganya. Sauti ya kifuani hudanganya. Wimbi likikosekana, mrija uko pasipofaa hadi ithibitike vingine, utoke. Vipimo vidogo vya betri vinavyoshikwa mkononi nimevipenda, ila chagueni vinavyochora wimbi. Tarakimu tupu hazitoshi.

Vifurushi vilivyofungwa tayari, vyenye kila kitu ndani ya mfuko mmoja, vinaniacha nusu nusu. Vinaokoa muda wa kukusanya, na kwa gari la wagonjwa vinafaa. Lakini nilichofungua kilikuwa na ncha nyembamba ya kunyonya na mrija wa saizi moja tu. Ukikinunua, fungua kimoja siku ya kazi nyepesi, kitazame chote, ongeza ncha pana, ongeza mirija ya milimita 6.5 na 7, ongeza buji, ukifunge upya.

Jambo moja muuzaji hatakwambia, na ndilo linalonifanya niirudie mashine ya kunyonya. Mrija ukishakaa watu hupumua, mashine huzimwa, bomba hukunjwa, na mara nyingine hupelekwa chumba kingine kwenye uhitaji. Tumbo lile halijamwagika kwa sababu upasuaji umekwisha. Mgonjwa yuleyule atatolewa mrija akiwa na chakula kilekile, dawa bado ziko mwilini, na kikohozi bado ni dhaifu. Sitoi hadi misuli imepimwa kwa kifaa na kurudi, amefumbua macho, ananifuata ninachomwambia, kichwa kiko juu au amelazwa ubavu. Na ncha pana iko mkononi mwangu, inanguruma, vilevile kama mwanzo. Kama idara ina mashine moja tu ya nguvu, basi haiondoki chumbani hadi mgonjwa huyo aondoke nayo kwenda chumba cha kuzindukia, na hiyo ndiyo hoja yangu ya kuomba ya pili kabla ya kamera.